Aliyezimia Hakuwepo

Daktari aliuliza swali fupi. "Mzee wangu, umewahi kuzimia siku za karibuni?"

Baba akasema, "Hapana."

Alilisema kwa sauti ile ile aliyoitia majina ya wanafunzi darasani kwa miaka 34, sauti isiyomwachia mtu nafasi ya kunyoosha kidole. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nimepakata bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote, na nilikuwa najua kwamba Baba amezimia mara mbili ndani ya wiki tano. Nikanyamaza.

Kazi yangu ni uandishi wa habari. Nalipwa, si nyingi lakini nalipwa, kwa kutoikubali "hapana" ya kwanza. Nimewahi kumbana diwani mpaka akakata simu. Siku ile nilikuwa natazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya twiga, nikijifanya nahesabu tarehe ya kliniki ijayo.

Nieleze hizo mara mbili. Ya kwanza ilikuwa msibani, hapa hapa Morogoro, mchana wa jua la kuchoma. Baba alikuwa amekaa chini ya turubai tangu asubuhi. Alikuwa amemeza dawa zake zote kama kawaida, ila chakula kilichelewa kama kinavyochelewa kwenye misiba yote. Akasimama ili akatoe rambirambi, hatua mbili, chini. Wewe msomaji unajua kinachofuata sehemu kama ile. Watu arobaini wakamzunguka na kumzibia hewa. Mmoja akamwagia maji. Mwingine akasema apelekwe kwa mchungaji. Kijana fulani akasema, na nilimsikia vizuri, "Mzee kapiga mbili tatu huyu." Baba hajagusa bia tangu 2004, mwaka aliogundulika na sukari. Kulikuwa na mtu tayari ana kijiko cha sukari anataka kumtia mdomoni, mtu hajitambui, amwue kwa kumpalia. Aliyemwokoa ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyewafukuza wote, akamlaza kiubavu, akainua miguu yake juu ya kiti cha plastiki. Dakika moja haikuisha Baba akafungua macho na kuuliza nani kamvua viatu.

Mama aliambiwa ni jua. Akakubali, maana naye ana miguu yake inayomsumbua na hakutaka kuongeza jambo lingine nyumbani.

Ya pili sikuiona. Niliambiwa na mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, kwenye simu: "Shangazi, Babu alilala kwenye gari ameshika usukani." Walikuwa wameshafika shuleni, gari limesimama getini, injini inanguruma. Watoto watatu nyuma. Walimwita, hakuitika, wakacheka wakidhani anawatania, halafu akaamka, akawaambia washuke wawahi mstari.

Nilimpigia. Baba huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akaniambia, "Mama, hili tusilipeleke mbali." Sikulipeleka mbali. Kati ya siku ile na siku ya kliniki zilipita siku kumi na tano za shule. Kila siku kati ya hizo aliwapakia watoto wale Kihonda, akaingia barabara ya Dodoma, akapita kwenye kipilefti ya Msamvu katikati ya mabasi na malori, na mimi nilikuwa Dar es Salaam, saa mbili kasoro nashika simu, "Mmefika salama?" Kana kwamba najulia hali tu.

*

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kuzimia kunatokana na kuzima, kama taa au moto. Wengine wanasema kuzirai. Hospitalini wanaandika amepoteza fahamu, kana kwamba fahamu ni ufunguo uliodondoka kutoka mfukoni. (Vijana wamelichukua neno wakalifanya la mapenzi, "namzimia yule dada," na sioni kama wamekosea sana.) Katika maneno yote hayo kuna jambo moja la ajabu: aliyezimia ndiye mtu pekee ambaye hakuwepo. Watu wote walioko pale wanaweza kutoa ushahidi isipokuwa yeye. Kwake yeye alikuwa anasimama, kisha kuna nyuso zinamtazama kutoka juu na viatu havipo. Katikati hakuna giza wala usingizi. Hakuna kitu kabisa.

Kwa hiyo Baba aliposema "hapana" mbele ya daktari, siku kadhaa nilijaribu kumtetea kwa hoja hii. Mtu anawezaje kushuhudia jambo ambalo hakulihudhuria? Anachojua ni kwamba watu walimwambia ameanguka. Msibani watu wanasema mengi. Mtoto wa miaka tisa anasema Babu alilala. Basi Babu alilala.

Ni hoja nzuri. Tatizo lake ni kwamba Baba mwenyewe asingeikubali kwa mwanafunzi wake.

Mwili wa mtu mwenye sukari na moyo una milango mingi ya kutokea kwenye fahamu. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde sita mpaka nane tu, mtu anaondoka. Moyo uliochoka unaweza kukosea mapigo, ukaenda mbio bure au ukasita, na damu isifike juu. Sukari ya miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, ikiwemo ile inayobana mishipa ya damu tunaposimama, kwa hiyo mgonjwa anasimama na damu inabaki miguuni. Dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo moyo unaihitaji, inazidisha hilo hilo. Halafu kuna sukari kushuka. Ikiwa chini ya 3.9 kwenye kipimo, mwili unaanza kupiga kelele: mikono inatetemeka, moyo unadunda, jasho linatoka. Lakini baadhi ya dawa za moyo kazi yake ni kuutuliza moyo usidunde, na zikiutuliza zinanyamazisha na ile kengele. Mgonjwa anabaki na jasho tu, na Morogoro mwezi Februari nani anashtuka kwa jasho?

Nimeyaandika haya si kwa sababu mimi ni daktari. Nimeyaandika kwa sababu yanabadilisha swali. Mlevi alijimiminia mwenyewe. Baba alianguka kwa sababu alitii. Alimeza vidonge vyote saa na dakika iliyoandikwa kwenye bahasha za dawa, kisha akaahirisha uji ili watoto wasichelewe. Mtu mwenye utii wa namna hiyo unamlaumu kwa lipi?

Sheria inajua kwamba hapa pana ugumu. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, inasema mtu hawajibiki kwa tendo lililotokea bila utashi wake, ila inaacha pembeni makosa ya uzembe. Waingereza, ambao tulirithi kwao sheria nyingi, walihangaika na jambo hili mahakamani. Mwaka 1973 kulikuwa na kesi ya muuguzi mmoja wa hospitali ya wagonjwa wa akili, Quick, mgonjwa wa sukari. Alijidunga insulini asubuhi, akanywa pombe, akala kidogo, kisha akampiga mgonjwa asiyeweza kujitetea. Alisema hakumbuki. Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia yake: kilichomwondolea akili kilitoka nje, ni insulini, kwa hiyo si kichaa. Mwaka 1989 akaja mwingine, Hennessy. Yeye alikuwa hajajidunga insulini kwa siku kadhaa, sukari ikapanda, akakamatwa na gari la wizi. Kwake mahakama ikasema kilichomvuruga kilitoka ndani, ni ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kama anataka kujitetea kwa njia hiyo, utetezi wake ni wazimu. Ugonjwa ni ule ule. Aliyejidunga ana akili timamu, ambaye hakujidunga ni mwendawazimu kisheria. Nikisoma kesi hizi huwa nacheka kidogo, halafu naacha kucheka, kwa sababu majaji wale walikuwa wanafanya ninachofanya mimi: wanatafuta mahali pa kuweka lawama kwenye mwili wa mtu ambaye hakuwepo.

Hata hivyo kwenye kesi ya Quick majaji walidokeza jambo ambalo limenikaa kichwani: kutojitambua ambako mtu angeweza kukuona kunakuja, kwa mfano mwenye insulini asiyekula kwa wakati, si lazima kumwokoe. Aristotle alishalisogelea zamani sana. Katika kitabu cha tatu cha maadili yake anataja adhabu maradufu kwa aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa chanzo kimo ndani yake: angeweza kutolewa. Hatuhukumu ile dakika ambayo mtu hayupo. Tunarudi nyuma mpaka dakika ya mwisho ambayo alikuwepo, tunamuuliza pale alikuwa anajua nini.

Mjini Glasgow, tarehe 22 Desemba 2014, dereva wa gari la taka alizimia kwenye usukani katikati ya mji, watu wakinunua zawadi za Krismasi. Gari lilikwenda kwa sekunde 19 bila dereva, ingawa dereva alikuwa amekaa ndani. Watu sita waliokuwa wakitembea kwa miguu walikufa. Uchunguzi uliofuata uligundua kwamba mwaka 2010 mtu yule alikuwa ameshazimia kazini, akiwa kwenye kiti cha dereva wa basi lililosimama kituoni, na hakuwaeleza ukweli madaktari wala mamlaka ya leseni. Waendesha mashtaka hawakumshtaki. Ajali ilipotokea hakuwa na fahamu, na ushahidi wa kosa la jinai, walisema, hautoshi. Familia za marehemu zilijaribu kumshtaki zenyewe zikakataliwa.

Ile habari ya basi lililosimama ndiyo iliyonitoa jasho. Gari limesimama, injini inanguruma, hakuna aliyeumia. Ni getini kwa shule kabisa.

*

Sasa nirudi kwangu, maana Baba nimemzungumzia vya kutosha na yeye hana blogu ya kujibu.

Kama kuna mtu katika kisa hiki ambaye hawezi kujitetea kwa kukosa fahamu, ni mimi. Sikuzimia hata siku moja kati ya zile kumi na tano. Kila asubuhi nilijua. Nilipiga simu kwa sababu nilijua. Tena simu yenyewe, nikiifikiria leo, haikuwa ya kuwalinda watoto, maana ilipigwa wakiwa wameshafika. Ilikuwa ya kunituliza mimi ili nifanye kazi.

Nilijiambia mambo mawili. La kwanza: ni mtu mzima, mwili ni wake, siri ya ugonjwa ni yake. Hili bado nalitetea. Sikutaka shangazi zangu wajue, sikutaka jumuiya ijue, na mtu akiamua kwamba hataki kuitwa mgonjwa ana haki hiyo hata kama inamgharimu. Baba alishanyang'anywa mengi. Sukari ilimnyang'anya chai aliyoipenda, moyo ulimnyang'anya ngazi za kanisani za kupandia kwaya. Kilichobaki chenye heshima ni Corolla ya zamani na watoto watatu wanaomsubiri asubuhi wamevaa soksi nyeupe. Kwa mwalimu mstaafu kuwapeleka watoto shule ni kama bado anafundisha. Ukimwondolea hilo unamwambia nini? Kaa, tukuletee. Mimi nilikuwa naogopa kuwa mtu wa kumwambia kaa.

Lakini siri ya mwili inaishia pale mwili unapokaa kwenye usukani. Hapo si wake peke yake. Ni wa wale watatu wa nyuma, na wa mama anayeuza ndizi Msamvu ambaye hajui kabisa kwamba kuna mzee mwenye siri anamkaribia.

La pili nililojiambia ni gumu zaidi, na sidhani nimelimaliza. Ni hili: yeyote anaweza kuzimia. Dereva yeyote wa daladala ana shinikizo la damu ambalo hajalipima. Ukisema "linaweza kutokea" ndiyo kipimo, basi Baba asishike jiko la gesi, asimbebe mjukuu mchanga, asioge amefunga mlango, asiende shambani peke yake. Utamzuia moja baada ya jingine kwa upendo mpaka abaki kwenye kochi, salama, amekufa nusu. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa wazee wao na kujipongeza. Kwa hiyo lazima kuwe na mahali pa kusema: hatari hii ni yake kuibeba, ile si yake. Nilipofika hapo nilikuwa nategemea nipate mstari ulio wazi, kama mwandishi mzuri. Nilichopata ni orodha. Jiko la gesi, naacha. Shamba, naacha, aende na simu. Mtoto mchanga, abebe akiwa amekaa. Gari, hapana. Ukiniuliza kanuni gani imetoa orodha hiyo nitababaika. Najua tu kwamba kwenye vile vingine anayeumia kwanza ni yeye, au aliyempa mtoto anajua anampa nani. Msamvu hakuna anayejua.

Na kuna jambo ambalo sikulifikiria kabisa siku zile, nalionea aibu. Nilidhani kusema ni kumshtaki. Sikuona kwamba ile "hapana" ilikuwa inamzuia daktari kufanya kazi yake.

*

Tulitoka kwa daktari, tukafika kwenye foleni ya dirisha la dawa. Nikamwambia Baba nimesahau mwavuli. Mwavuli nilikuwa nimeukalisha kule makusudi. Mkono uliamua kabla yangu. Nikarudi, nikasubiri mgonjwa aliyekuwa ndani atoke, nikasema yote nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Msibani. Getini kwa shule. Siku kumi na tano.

Daktari hakunikaripia. Alisema, "Kamwite mzee." Baba aliponiona nimerudi na mwavuli na yule muuguzi wa mlangoni, alielewa. Alitembea mbele yangu bila kugeuka.

"Mzee wangu, tuanze upya," daktari akamwambia. Akampima presha akiwa amelala, kisha amesimama. Ya juu ilikuwa 138, akisimama ikawa 104. Akamtazama dawa moja moja. Ile ya sukari aliyoimeza kwa miaka yote, glibenklamaidi, akaiondoa, akisema kwa umri wake na figo zake inashusha sukari kupita kiasi. Ya kupunguza maji akaikata nusu. Akaagiza afungwe kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo kwa saa 24. Na akasema, akimtazama Baba na si mimi, jambo ambalo namshukuru nalo mpaka leo: "Gari tuliweke pembeni kwanza."

Yaani sehemu kubwa ya kilichomwangusha ilikuwa kwenye ile bahasha ya kaki niliyoipakata.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani Baba hakusema kitu mpaka tulipokaribia kona ya kwetu. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa mwandishi siku zote." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nyumbani alimkabidhi Mama ufunguo bila kuombwa, naye akauweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi. Watoto siku hizi wanapelekwa na bajaji ya jirani, ambayo dereva wake, kwa taarifa yako, sijui afya yake.

Imepita miezi saba. Baba hajaanguka tena. Rekodi ya mapigo ilionyesha vitu ambavyo daktari anasema vifuatiliwe, bado hajasema ndiyo. Mwezi uliopita Baba aliniuliza kwenye simu, kwa upole kabisa, "Mama, miezi saba. Mnataka mingapi?" Sikuwa na namba. Nikamwambia tumsikilize daktari, naye akasema sawa, na wote tukajua kwamba nimejificha nyuma ya mtu mwingine.

Jumamosi huwa anamwomba Mama ufunguo. Anaosha gari, anapangusa vioo, anakagua maji na oili, kisha anaingia na kuliwasha. Anasema ni ili betri isife. Linanguruma pale uani dakika kumi hivi, mlango wa dereva uko wazi, mguu wake mmoja uko nje kwenye mchanga. Nikiwepo huwa nakaa kibarazani na chai yangu isiyo na sukari, simwangalii moja kwa moja, na sihesabu dakika. Kisha anazima.